Udongo wa Kyabishenyi, Udongo wa Tata

Jumamosi, 31 Julai 1971

Nshamba, nyumbani. Viganja vimetoka malengelenge. Kutwa nzima nachimba udongo Kyabishenyi – rweya ile ya juu, nyasi tupu, upepo tupu, hata mbuzi hawakai. Ayubu, fundi wetu wa maabara, alichimba mashimo mawili akatupa jembe. Yeye ni mtu wa Miembeni, Bukoba mjini, anasema, kwao jembe huning'inizwa dukani kwa kuuzwa tu!

Serikali inataka kijiji cha ujamaa pale kabla ya sherehe za miaka kumi ya Uhuru. Ni kwa ajili ya watu wasio na ardhi, wengine wa huku kwetu, wengine wanatoka mbali, Izimbya. Kila familia itapewa mfuko wa mbolea ya chumvichumvi. Bwana Nathanael, mkuu wangu, ameniagiza nipime kama udongo utaipokea. "Ni utaratibu tu, Theopista." Viwanja vimeshagawanywa. Vigingi vimeshapigwa. Sasa napima nini?

Klaudia alinikuta shimoni. Tulikaa dawati moja shule ya msingi. Ameachika, amerudi na watoto, kaka yake amempa pa kulala, si pa kulima. Alinionyesha kigingi chake kama mtu anayeonyesha nyumba. Hapa migomba, pale mibuni, jiko kule upepo usikopiga. Kisha akauliza kama migomba itakubali.

Nikamwambia ndicho ninachokwenda kupima.

"Basi usipime sana," akasema, akacheka. Sikucheka.

Jioni nilimwomba Tata, baba yangu, udongo wa kulinganishia. Akainuka mwenyewe, mzee yule, akachimba chini ya migomba ya zamani, akanijazia kopo. Mweusi, laini, unanukia mvua. "Wapelekee," akasema. "Waone udongo wa mtu anayefanya kazi."


Jumatano, 4 Agosti 1971

Bukoba. Leo nusura nilale mahabusu!

Fosforasi yangu ilikuwa ije kwa ndege kupitia Entebbe kama zamani. Mpaka na Uganda umefungwa. Basi imezunguka – Nairobi, Kisumu, Mwanza, halafu meli. Na hii si bidhaa ya kungoja. Fosforasi yenye mionzi hujifia yenyewe, kila wiki mbili imebaki nusu. Mimi na Ayubu tulikuwa gatini kabla meli haijafungwa kamba.

Sanduku likashushwa. Ubavuni alama nyekundu. Askari wawili wakalisogelea, mmoja akaniuliza ndani mna nini. Nami, msomi, nikajibu upesi: chungu cha risasi.

"Cha nini?"

Wachukuzi wakarudi nyuma. Askari wa pili akashusha bunduki begani. Nikaanza kufafanua – si risasi za bunduki, afande, ni risasi ya madini, ile wavuvi wanayofunga kwenye nyavu, imeizunguka chupa ndogo. Na chupani? Mbolea. Mbolea gani ya kufungiwa ndani ya risasi? Yenye mionzi, nikasema. Kosa la pili! "Atomiki!" mtu akapiga kelele, na gati ikabaki yetu peke yetu.

Wiki nzima redio inazungumza mpaka tu, halafu mimi nasimama na sanduku la atomiki. Tukawekwa juani. Akaja afisa, uso kama mlango uliofungwa. Aliyeniokoa ni Ayubu. Akaileta kaunta – mashine yetu ndogo ya kusikilizia mionzi – akaiweka juu ya sanduku. Tk... tk... polepole. Halafu akaipeleka kwenye mkono wa afisa, kwenye saa yake, ile ambayo namba zake hung'aa gizani. Trrrrrr! Saa ya afande ikalia kuliko sanduku langu.

Afisa akaivua saa. Akaitazama kama nyoka. Akatuambia tuondoke.

Ayubu alicheka njia nzima.


Ijumaa, 6 Agosti 1971

Bi Ashura, mama mwenye nyumba yangu hapa Miembeni, ameuliza mbele ya kahawa kama hicho kitu cha gatini kitamuunguza. Habari zimeshafika! Nimemwambia kinakaa maabara, hakiji nyumbani, na nikivua glavu nanawa kama anayetaka kuswali. Akaridhika nusu. "Kinafanya kazi gani, mwanangu?"

Alikuwa anachagua maharage, nikatumia hayo hayo. Una debe la maharage meupe, huwezi kuyahesabu. Tia konzi ya mekundu uliyoyahesabu. Changanya sana. Chota kikombe, tazama mekundu mangapi yamekuja na meupe mangapi. Umejua debe zima bila kulihesabu.

"Na hiyo fosforasi ndiyo mekundu?"

Ndiyo hasa. Mmea haufungui mdomo ukala udongo, hunywa kile kilichoyeyuka majini. Fosfati, yaani ile fosforasi ya udongoni, iliyoyeyuka inaweza kuwa kidogo mno, kipimo chetu cha kugeuza maji kuwa ya buluu kisione kitu. Maji ya Kyabishenyi yalibaki meupe kama machozi. Lakini kutoona si kutokuwapo. Jicho likishindwa, kaunta inasikia.

Leo nimeanza. Tone sawa la fosfati yenye mionzi katika chupa mbili. Moja udongo wa Tata, nyingine wa Kyabishenyi. Nikatikisa, nikachuja, nikaweka maji yaliyochujwa chini ya kaunta.

Maji ya Tata: kama mvua juu ya mabati.

Maji ya Kyabishenyi: kimya.

Nimedhani nimesahau kutia tone. Nimerudia. Kimya.


Jumatatu, 9 Agosti 1971

Nimefanya tena na tena. Nimetia na mbolea yenyewe, kipimo cha mfuko mzima. Imemezwa. Nikazidisha mara mbili. Imemezwa. Udongo ule ni kama mtu aliyelala njaa miaka mingi. Chochote anachopewa anakikumbatia kifuani, hagawi. Kilichobaki majini hakilishi hata mchicha, sembuse mgomba.

Nimempelekea Bwana Nathanael. Akasoma, akafuta miwani, akasoma. Akaniambia nirudie. Nikarudia mbele yake! Yale yale.

Akafunga mlango. Akasema kwa upole – sijawahi kumsikia mpole hivyo – kwamba naweza kupunguza udongo nikaongeza maji. Chupa ikiwa na udongo kiganja kidogo, kaunta italia. "Namba haitakuwa ya uongo, Theopista."

Kweli. Namba haitakuwa ya uongo. Swali ndilo litakuwa la uongo.

Hilo sikulisema. Nilisema nitafikiri.


Jumanne, 10 Agosti 1971

Sikufikiri. Sikupunguza udongo. Nimeosha chupa tu, siku nzima, chupa ambazo ni safi.


Alhamisi, 12 Agosti 1971

Katibu tarafa amekuja maabara mwenyewe. Ndugu Projestus Mwijage. Nilitegemea mtu wa kupiga meza. Ni mwembamba, anaongea chini chini, viatu vimeliwa kisigino. Amesikia kuna binti anachelewesha kijiji.

Nikamweleza. Kisha akauliza jambo moja tu: kama baba yangu si Protase wa Nshamba, mwenye kile kibanja kikubwa, lile shamba la migomba na mibuni.

Nikasema ndiye.

"Ndugu Theopista, wenye vibanja wote husema rweya haifai. Walimwambia hivyo babu yangu kule Izimbya. Akafa akilima cha mtu. Wakamwambia baba yangu. Leo naletewa mashine inayosema hivyo hivyo, na anayeishika ni binti wa mwenye kibanja. Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Nikamwekea kaunta karibu na masikio. Sikiliza! Haijui baba yangu ni nani! Akasikiliza mvua, akasikiliza kimya. Akainama akatazama chupa ile ya pili muda mrefu, kama mtu anayetazama mgonjwa wake.

Bwana Nathanael akajisogeza, akasema haya ni majaribio ya awali, yasimsumbue Katibu.

Projestus hakumtazama. Akasema hawezi kusoma namba zangu, na hataki kusomewa na mtu. "Mwongozo wa Chama umesema wananchi waelezwe. Jumatano kuna mkutano Kyabishenyi. Njoo na mashine yako. Waonyeshe wenyewe, kwa udongo wao, mbele ya wote. Ikilia, watahamia wiki ile ile. Isipolia..."

Katibu alipotoka, Bwana Nathanael akaniambia sina ninachokijua kuhusu mikutano ya hadhara. Hilo amesema kweli.


Jumapili, 15 Agosti 1971

Kupalizwa Bikira Maria. Kanisani watu mpaka nje. Wengine wanamwombea mgonjwa, wengine amani mpakani. Mimi nimeomba betri. Mama wa Mungu anisamehe! Maduka yote hakuna betri za kaunta, zilikuwa zikija kutoka Kampala. Zilizopo zinachoka. Na fosforasi nayo inachoka.

Ayubu anasema betri ukizianika juani hujirudi. Nimezianika.


Jumatano, 18 Agosti 1971

Naandika ndani ya Land Rover, kando ya barabara, karibu na Nshamba. Ayubu amekwenda kutafuta maji ya rejeta. Lazima niandike kabla sijamwona Tata.

Watu walikuwa wengi kuliko nilivyowaza. Wamekaa nyasini, wanawake upande wao, vitenge vinapigwa na upepo. Wengine wameshabeba machipukizi ya migomba – wamekuja nayo mkutanoni, yamefungwa kamba! Bwana Nathanael naye alikuja, akakaa kwenye kiti nyuma ya Katibu.

Nikatandika sinia. Nikavaa glavu. Nikawaomba wasisogee. Nikasema udongo mmoja nimekuja nao, wa kibanja cha zamani. Wa pili nautaka kwao, wachimbe popote wapendapo, nisije nikaambiwa nimechagua. Klaudia akainuka kabla ya mtu yeyote. Akaenda kwenye kigingi chake, akachota kwa mikono miwili.

Nikatia maji. Nikatia tone, sawa kwa sawa. Kabla ya kuchanganya nikawasikilizisha: chupa zote mbili zinalia. Watoto wakacheka, wakaiga. Trrr, trrr. Nikatikisa. Nikachuja. Karatasi ya kuchujia haina haraka, hata watu mia wakikutazama. Nilisikia mtu akiuliza Kihaya kama nakamua pombe. Kicheko. Mimi jasho.

Kwanza maji ya kibanja. Mvua juu ya mabati – betri dhaifu, lakini mvua. Wakaguna.

Halafu maji ya Kyabishenyi.

Kimya.

"Imezimika!" mwanaume mmoja akapaza sauti. Wengine wakadakia. Nikairudisha kwenye maji ya kwanza: ikalia. Kwenye ya pili: kimya. Nikaenda na kurudi hadi hakuna aliyesema tena imezimika. Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja mbele akatikisa kichwa polepole. Umekula, akasema. Udongo umekula wote.

Nikawaambia. Mbolea mtakayopewa itamezwa hivi hivi. Ardhi hii si mfu, ina njaa. Ikilishwa samadi na nyasi miaka kadhaa, ikashiba, itatoa. Lakini migomba ya msimu huu itakauka. Sikuwaficha. Wale wenye machipukizi wakayatazama miguuni pao.

Katibu alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimwonea huruma, kweli. Nilidhani imekwisha.

Klaudia akasimama. Nilijua atanitukana, nikajiandaa. Hakunitukana. Aliuliza ule udongo unaolia umetoka wapi.

Nikasema nimeshasema, kwenye kibanja.

"Cha nani?"

Upepo tu. Bwana Nathanael alinitazama, akatikisa kichwa kidogo – usijibu. Ningeweza kusema ni udongo wa maabara. Neno lilikuwa tayari mdomoni! Lakini nilikuwa nimetoka kuwaambia watu mia waamini masikio yao.

"Cha Protase. Baba yangu."

"Nilijua," Klaudia akasema. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa na hasira. "Na mimi nitasema kwa nini unalia. Nyasi za rweya hii zimekwenda kule. Mama yangu alizibeba kichwani kila kiangazi, nami nyuma yake na kamzigo kangu. Tukazitandaza chini ya migomba ya baba yako, tukapewa mkungu, tukaenda zetu. Ng'ombe wake walikula hapa, samadi ikalala kule. Theo, wewe ulikuwa unatuona. Ulikuwa umekaa barazani unasoma."

Kweli nilikuwa nawaona. Nshamba nzima inajua. Sijawahi kukaa nikakiita kitu kile kwa jina lake.

"Hicho chakula unachokipima," akasema, "kilitoka hapa."

Makofi. Kwanza machache, kisha mlima mzima. Katibu akainuka, na yule mtu wa kuongea chini chini akapata sauti. Akasema kumbe swali si udongo upi hauna kitu. Swali ni ulionacho uko wapi, na unalimwa na nani. Ikachaguliwa kamati hapo hapo. Itaangalia kibanja cha Protase, sehemu ya chini, ile yenye mibuni iliyozeeka, ili wasio na ardhi wagawiwe. Jumapili, baada ya misa.

Nikakusanya chupa zangu. Hakuna aliyenizuia. Klaudia alitaka kunisaidia kubeba sinia hadi kwenye gari – nikamkataza kuligusa, likabaki mikononi mwangu.

Ayubu anarudi na maji. Tunakwenda.


Alhamisi, 19 Agosti 1971

Bukoba tena. Jana Tata alikuwa ameshasikia. Habari zilifika nyumbani kabla ya Land Rover.

Hakupiga kelele. Alinikaribisha, akauliza kama nimekula. Tukakaa. Akaniambia nimweleze jinsi mashine ilivyolia. Nikamweleza yote, na tone, na karatasi, na ukimya. Akatabasamu kidogo niliposema mvua juu ya mabati. Alifurahi, Tata! Kwa dakika moja alifurahi na udongo wake.

Kisha akasema udongo haukuzaliwa hivyo. Alipokabidhiwa na baba yake ulikuwa mwekundu. Samadi, nyasi, maganda, majivu, maisha yake yote. Je, hilo niliwaambia?

Niliwaambia unaweza kulishwa, nikasema.

"Uliwaambia nani aliulisha?"

"Klaudia aliwaambia, Tata."

Mama akaacha kumenya ndizi. Baadaye Tata akasema mama yake Klaudia alikuwa mtu mwema, na kwamba mkungu mmoja ndio uliokuwa desturi. Hakuna aliyeuliza. Alijibu tu, kama anayejibu mtu aliyeko mlangoni.

Kisha: "Sehemu ya chini ndiko alikolala bibi yako."

Najua, Tata.

"Na babu yako. Na yule ndugu yako aliyekufa mchanga."

Najua.

Akanikazia macho. "Mashine yako inaweza kukosea?"

Alikuwa anauliza kama baba, si kama mtu anayetaka kujua. Nilielewa anachoniomba. Sijawahi kuombwa kitu na Tata. Kila kitu nimeomba mimi, shule, nauli ya Dar es Salaam, kila kitu, naye akatoa kutoka kibanja kile kile.

"Inaweza," nikasema. "Lakini haikukosea."

Akaitikia kwa kichwa. Akainuka akaenda kufunga ng'ombe.


Ijumaa, 20 Agosti 1971

Bwana Nathanael amenikaribisha chai! Ofisini kwake, kikombe chenye kisahani. Anasema amenionea huruma pale mlimani. Amefikiri. Ana njia.

Maonyesho ya kwenye upepo, betri dhaifu, udongo umechotwa kwa mikono – hiyo si sayansi. Niandike mistari miwili kwamba kaunta haikuwa sawa na matokeo hayafai kutumika. Yeye ataandika mengine: ardhi ya Kyabishenyi inafaa kwa mbolea. Kamati itakosa hoja. "Baba yako atabaki na kibanja chake. Katibu atapata kijiji chake. Na wewe utapata amani. Hakuna atakayepoteza."

"Na Klaudia?"

"Klaudia ni nani?"

Sikuweza kuimaliza ile chai.

Ubaya ni kwamba inawezekana. Fosforasi iliyobaki karibu itanyamaza kabisa, hata kwenye udongo wa Tata haitasikika. Nyingine haiji mpaka njia ifunguke. Nikiandika kaunta ilikosea, hakuna duniani wa kunisuta. Watahamia. Watapanda. Watatia mbolea na kungoja. Mwakani majani yatageuka njano, na watu watasema wavivu wale, wameshindwa kulima.

Na Tata atakuwa amekaa barazani kwake.

Amenipa mpaka Jumatatu. Nimemuuliza Bi Ashura, bila kutaja majina, mtu afanyeje ikiwa ukweli wake unambomolea mzazi nyumba. Akafikiri sana. Akasema yeye hajui. Akasema lakini mtu huyo asikae Miembeni akiwaza, aende akasimame karibu na mzazi wake siku hiyo. Hayo mengine Mwenyezi Mungu anajua.

Kesho nitapanda basi la Muleba, niende Nshamba.


Jumapili, 22 Agosti 1971

Nyumbani. Niko jikoni kwa Mama, naandika juu ya goti. Wako nje.

Tulikwenda misa ya kwanza sote. Padri alihubiri Injili, sikusikia neno. Tukarudi. Tata akavaa koti lake la sikukuu, akatoa viti vyote nje, hata kile cha chumbani. Mama akauliza viti vya nini kwa watu wanaokuja kutunyang'anya. Tata akasema wageni ni wageni.

Walikuja kwa miguu. Projestus mbele, wazee watatu, vijana wa Chama, na nyuma kabisa Klaudia, amevaa kanga safi, watoto amewaacha. Wakasalimia kama inavyopasa. Tata akaitika kila mmoja, kwa jina la ukoo wake. Kisha akaniita nilete kahawa za kutafuna, zile za kumkaribishia mgeni.

Nikaleta kikapu. Nikafika kwa Klaudia. Akachukua moja, akaniambia asante kwa sauti ya shuleni. Wakakaa wakatafuna. Hakuna anayeweza kudai ardhi ya mtu huku anatafuna kahawa yake. Tulijua wote, na Tata alijua zaidi.

Projestus ndiye aliyeanza. Akanigeukia mimi kwanza, si Tata. Akasema Bwana Nathanael amempigia simu. Amemwambia mashine ilikuwa na kasoro, na kwamba nitathibitisha kwa mkono wangu. Je, ni kweli?

Wote wakanitazama. Klaudia akaacha kutafuna. Tata alikuwa anatazama migomba.

Nikasema mashine ilikuwa nzima. Nikasema sitathibitisha kitu.

Nilisema kwa Kiswahili. Kisha nikageuka nikamwambia Tata maneno yale yale kwa Kihaya, yasije yakawa yamepita juu yake kama ya ofisini.

Mama alilia huku ndani. Nikaja kumshika, ndiyo maana niko hapa. Ametulia sasa, anachochea moto usio na sufuria.

Nawasikia. Mzee mmoja anasema waanzie mtoni wapande juu. Projestus anauliza makaburi yako wapi, yasikanyagwe. Tata anamwambia. Anamwonyesha moja moja, nasikia majina – la bibi, la babu, la mtoto. Sauti haitetemeki. Sasa anasema jambo kuhusu mibuni, kwamba ile ya chini bado inazaa ikipogolewa vizuri, asije mtu akaing'oa kwa kutojua. Anamwambia nani? Nachungulia. Anamwambia Klaudia. Amesimama naye mwanzo wa mteremko, hawatazamani, wote wawili wanatazama chini.

Kamba ya kupimia imefunguliwa. Ni ndefu, kijana mmoja ameshika ncha na kuteremka nayo mpaka mtoni. Ncha ya huku juu iko chini kwenye majani. Vijana wa Chama wanaitazama. Wazee wanaitazama. Hakuna anayeinama kuiokota mbele ya Tata.

Tata anaitazama ncha ile, kisha ananiita. Si Theopista. Ananiita Kokuberwa, jina la nyumbani, lile la utotoni.

Mama ananishika gauni.

Anaita tena.